Kiki ya Kinu

Kado alinipigia simu asubuhi nikiwa dukani kwangu, natoa kopi za mitihani ya shule ya jirani. "Dada Yuni," akasema, "Zefa amefariki." Nikamwambia asubiri nimalize kurasa. Nikazimaliza, nikazipanga, nikazibana pini, nikampa mwalimu mzigo wake na kumtakia kazi njema, ndipo nikarudi kwenye simu kuuliza msiba uko wapi. Nzuguni, akasema, nyumbani kwa marehemu, na maziko ni kesho. Halafu akasema taratibu, "Dada, bado tu?" Bado! Nilimjibu kwa sauti mpaka mteja aliyekuwa ananunua bahasha akageuka. Miaka yote hii watu wananiambia nisamehe. Kanisani wananiambia, saluni wananiambia, Kado mwenyewe kila tukionana ananiambia. Na wote hao hakuna hata mmoja aliyeibiwa kitu ambacho kila akipita mtaani anakisikia kinapigwa, kikiwa na jina la mwizi juu yake.

Kitu chenyewe ni kiki. Sisemi kiki hizi za siku hizi, za watu kugombana mitandaoni ili waongelewe. Kwenye biti, yaani mdundo wa wimbo, kiki ni lile pigo zito la chini, dum, dum, dum, linalokufanya utikise kichwa kabla hujajua wimbo unasema nini. Biti bila kiki ni chai bila majani. Na kiki kuwepo tu haitoshi, lazima isimame. Lazima itoke mbele ya vinanda, ya besi na ya mwimbaji, ikugonge kifuani hata kama spika ni za mkopo na zimechanika. Kuisimamisha ndiyo kazi inayowashinda wengi mpaka leo, na dawa yao wote ni moja: wanaongeza sauti. Wajinga. Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na nilishajua kwamba kuongeza sauti si dawa.

Studio ilikuwa Kikuyu, mtaa wa hapahapa Dodoma, uani kwa Mama Neema, mwenye nyumba. Ilikuwa vyumba viwili vya uani vilivyogawanywa kwa ukuta wa mbao nyembamba. Chumba kimoja kilikuwa cha mashine: kompyuta yenye kioo kinene kama televisheni, kinanda, spika mbili, na kuta zote zimegongelewa trei za mayai mpaka darini. Dirishani walikuwa wamesimamisha godoro ili sauti isitoke, kwa hiyo upepo nao haukuingia. Mle ndani saa saba mchana ungeweza kukausha mlenda. Chumba cha pili kilikuwa na jiko la mkaa, ndoo za maji na mkeka, na hicho ndicho kilikuwa changu. Nilikuwa nimeitwa kuimba viitikio. Kado, kijana wa Kibaigwa mwenye sauti laini na woga mwingi, ndiye aliyenisikia kwenye kwaya akamwambia Zefa kuna binti anaimba. Zefa akanisikiliza akiwa amenipa mgongo, akasema, "Sauti ipo. Unajua kupika?" Nikadhani utani. Kumbe ndiyo ajira yenyewe.

Niseme ukweli kuhusu Zefa, maana marehemu husifiwa hata sifa zisizo zake. Alikuwa mtanashati, alikuja Dodoma kutoka Dar na mashine zake kwenye maboksi, na alitaka kila mtu amwite Bosi. Aliamka adhuhuri. Alikuwa na masharti. Mwanamke haingii chumba cha mashine ila siku ya kurekodi, na akiingia hagusi kitu. Niliwahi kumwuliza kwa nini, akanijibu bila kugeuka, "Mashine zina waya nyingi, utajikwaa." Chakula changu nacho alikitukana. Siku ya kwanza niliposonga ugali wa uwele na mlenda, alichovya kidole, akakinyanyua juu ule uteute ukivutika, akawaonyesha wenzake. "Oneni, Wagogo wanakula kamasi!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Kado naye, Mgogo mwenzangu, akacheka. Baada ya wiki mbili Bosi huyohuyo akawa anafuta sahani kwa kidole na kuuliza kama umebaki. Nilimpa masufuria aoshe, akayaacha palepale.

Lakini ukuta ulikuwa mwembamba na masikio ninayo. Nikiwa jikoni nilisikia kila kitu, na siku za kurekodi nilisimama nyuma yake nikimwangalia mkono wake kwenye kipanya. Nikajifunza kufungua, kukata, kupandisha, kushusha. Asubuhi akiwa bado anakoroma kwake, mimi nilikuwa na ufunguo wa kufagia. Nilifagia haraka kisha nikaketi kwenye kile kiti chake cha kuzunguka. Loo, asubuhi zile! Nilikuwa nafungua biti zake na kuzisikiliza kwa hasira, maana nilisikia kilichokosekana na sikuwa na wa kumwambia. Mama Neema alinikuta mara moja amekuja kudai ndoo yake. Akaangalia kioo, akaniangalia mimi, akasema, "Mwanangu, kama unaiba, funga mlango." Akaondoka na ndoo.

Wimbo wa Kado ulipokwisha, Zefa alitaka kuutambulisha Kibaigwa, sokoni, nyumbani kwa kijana. Tulikwenda na pikapu iliyofungwa spika, tukaegesha pembeni ya soko la mahindi, na mimi nilikuwemo kwa ajili ya viitikio. Studio wimbo ule ulikuwa unatikisa vikombe. Pale sokoni ukafa. Malori yalikuwa yamepanga mstari yakingurumisha injini, wapagazi wanapiga kelele, madalali wanabishana bei, na kutoka kwenye spika zetu kulitoka mvumo tu, vuuu, kama mtu anayenung'unika chumba cha pili. Hakuna aliyegeuka. Zefa akapandisha besi. Mvumo ukaongezeka. Akapandisha tena, spika moja ikaanza kukwaruza. Dalali mmoja aliyekuwa amekalia magunia akamwita, "We kijana, zima hiyo kitu, hatusikilizani!" Watu wakacheka. Kado alikuwa juu ya pikapu na kipaza sauti mkononi, mbele ya watu waliomjua tangu akiwa anachunga mbuzi.

Njiani kurudi Zefa aliwalaumu wenye spika, akalaumu soko, halafu akawalaumu watu wa Kibaigwa kwamba ni washamba na masikio yao yamezoea mashine za kukobolea. Mimi nilikaa nyuma nikiyatafakari yale malori. Injini ya lori inanguruma chini, palepale kiki inapokaa. Besi ya Zefa nayo inakaa hapohapo, tena ndefu, haikatiki. Vitu vitatu kwenye mlango mmoja, kipite kipi? Na sisi wanawake wa Kigogo tunalijua hilo bila kufundishwa na mtu kutoka Dar, kwa sababu muheme tunapiga sisi. Unaibana ngoma katikati ya mapaja, unapiga, na mwenye ngoma kubwa akipiga, wenye ndogo wanampisha. Hawanyamazi kabisa, wanampisha tu, halafu wanarudi. Pigo lenyewe nalo lina sehemu mbili, kuna tumbo na kuna kichwa. Tumbo ni ule uzito. Kichwa ni lile kofi la mwanzo linalokuambia uzito umefika. Kiki ya Zefa ilikuwa tumbo tupu.

Kesho yake nilimwambia. Yaani nilimsubiri aamke, nikampa chai, nikamwambia kwa heshima zote, "Bosi, besi inaifunika kiki, na kiki haina kichwa." Aliweka kikombe chini. "Nani?" akasema. "Nani kakuambia?" Nikasema nimesikia mwenyewe. Akamgeukia Kado, "Umemsikia mpishi?" Kisha akaniambia, na maneno haya nayakumbuka yalivyo, "Yuni, siku nikikosea chumvi utaniambia. Mambo ya biti mwachie mwenye biti." Kado akaangalia sakafu. Nilichukua kikombe kabla hajamaliza chai nikaimwaga nje.

Wiki iliyofuata alisafiri kwenda Dar kutafuta spika mpya, akaacha maagizo tufagie. Haya, tukafagia. Halafu nikamwambia Kado, "Shika kipaza sauti, twende uani." Kulikuwa na kinu cha Mama Neema, kikubwa, cha kutwangia uwele. Nikachukua mchi nikapiga kinu kitupu, pigo moja moja, mbali kidogo, karibu kidogo, pembeni, katikati. Mama Neema akatoka mbio. "Ebo! Unatwanga kinu kitupu kwangu, unatutakia njaa?" Nikamwambia natafuta kichwa. Akanitazama, akaingia ndani akatoka na konzi ya uwele, akautia kinuni. "Basi piga, lakini kisiwe kitupu." Na ndiyo maana lile pigo lina kale ka-mchakacho mwishoni ambako mafundi wa leo wanahangaika kukatengeneza na hawakapati. Ni uwele. Wanaweza kuuliza, nipo.

Nikauweka ule mlio wa mchi juu ya kiki ya Zefa, nikaukata chini na katikati, nikabakiza lile kofi tu. Tumbo nikalilegeza kidogo kidogo mpaka likakubaliana na noti ya wimbo, maana lilikuwa linaimba kivyake. Besi nikaipunguza uzito wa chini kabisa. Halafu ikaja kazi yenyewe. Kila kiki ilipopiga, niliishusha besi kwa kipanya, nikairudisha kiki ikishapita, pigo moja baada ya jingine, wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho. Siku hizi mashine inafanya yenyewe kwa kubonyeza. Mimi nilichora kwa mkono mpaka kidole cha shahada kikavimba. Kado alikuwa ananiletea maji na kuangalia mlango. Nilipomaliza nilipunguza sauti ya spika mpaka ikawa ndogo kabisa, ya kunong'ona, na kiki ilikuwa bado inasikika juu ya kila kitu. Nikaketi nikalia kwa furaha, kijinga kabisa, na Kado akawa anasema, "Dada, hii ni yako. Wallahi hii ni yako." Yeye Mkristo, lakini ndivyo alivyosema.

Tulirudi Kibaigwa na spika zilezile, maana mpya hazikupatikana, na kwenye CD ulikuwemo wimbo wangu, si wake. Kado ndiye aliyeiweka. Malori yalikuwepo, kelele zilikuwepo, madalali walikuwepo. Biti ilianza na kiki peke yake, mapigo manne, kabla ya kitu kingine chochote. La kwanza, wapagazi wawili wakasimama na magunia mabegani. La pili, yule dalali wa siku ile akashika kifua chake. Hakucheka, alikishika tu kama anatafuta kilichomgonga. Mpaka kiitikio cha kwanza kinafika, akina mama wa mihogo ya kukaanga walikuwa wanacheza na vijiko mikononi, na Kado alikuwa anaimba kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tena. Nilimtazama Zefa. Alikuwa amesimama kando ya spika, ameweka kiganja juu yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta funguo za nyumba yake mkononi kwa mtu mwingine. Alijua. Aligeuka akaniangalia moja kwa moja.

Nilidhani ananitafutia shukrani. Ndiyo, nilikuwa mjinga kiasi hicho. Nilipika vizuri siku zile, nilitia karanga kwenye mlenda, nikisubiri aniite chumba cha mashine aniambie keti. Maprodyuza wana desturi yao: anayetengeneza biti hutia jina lake mwanzoni, kwa sauti yake mwenyewe, kila mtu ajue ni kazi ya nani. Nilikuwa nimeshafikiria langu. Nilikuwa nalinong'ona kwenye moshi wa jiko, "Yuni, Kikuyu, Dodoma," mara haraka, mara taratibu, natafuta lipi linakaa vizuri juu ya yale mapigo manne. Sikutaka kingine. Hata angeniambia niendelee kupika, ningepika.

Mchana mmoja alikuja mtangazaji wa redio kumhoji. Mimi nilikuwa naepua ugali. Ukuta ni ule ule wa mbao. Nikasikia wimbo unaanza, pigo la kwanza, na juu yake sauti ya Zefa, ya kujivuta: "Zefa kwenye mashine!" Ilikalia mapigo yote manne, kama mtu aliyejitandaza kwenye kitanda chako. Mtangazaji akapiga yowe. "Bosi, hii kiki umeitoa wapi?" Zefa akasema, "Utafiti, ndugu yangu. Niliingia vijijini nikarekodi akina mama wanatwanga." Mtangazaji akauliza, "Na huyo binti niliyemkuta hapo nje, ni msanii wako?" Kukawa na kimya kidogo. Mpaka leo nakirudia kile kimya, kwa sababu kilikuwa kirefu cha kutosha kwa mtu kuamua kusema kweli. "Yule? Yule mpishi. Ila bwana, ana mlenda, utajiuma vidole." Wakacheka. Na katikati ya kicheko nikasikia cha Kado.

Basi nikawapelekea mlenda. Niliingia na sufuria nzima, ya moto, na mlango niliufungua kwa mguu. Zefa akasema, "We, nimesema chumba hiki..." Sikumwacha amalize. Nikaumimina wote juu ya kibodi, polepole, kuanzia kushoto kwenda kulia, kisha juu ya kinanda, na mabaki nikayatikisa ndani ya ile kompyuta kupitia vitundu vya juu. Mlenda si maji, ndugu zangu. Maji unakausha juani. Mlenda unaingia chini ya kila kibonye na hautoki. Zefa alijaribu kufuta kwa shati lake, uteute ukawa unavutika kutoka kwenye herufi hadi kwenye vifungo vyake, na mtangazaji alikuwa amesimama juu ya kiti. "Kamasi za Wagogo hizo," nikamwambia. "Zifanyie utafiti." Nikachukua khanga yangu nikatoka. Mama Neema alikuwa uani, akanisogezea maji ya kunawa mikono.

Wimbo ulikuwa umeshatoka, kwa hiyo mlenda haukuurudisha. Ukavuma. Zefa akanunua mashine nyingine, akahamia Nzuguni, akajenga, akafundisha vijana, na kiki ikaitwa kiki ya Zefa. Nimeisikia kwenye harusi, kwenye kampeni, kwenye simu ya mteja inaita mbele yangu kaunta. Kila mara ni pigo, na juu ya pigo ni yeye. Sikuwahi kuisikia peke yake tangu siku ile ya pili Kibaigwa. Nilijaribu kwingine kidogo, nikaambiwa mimi ndiye yule wa mlenda, wakafunga milango. Nikafungua steshenari. Ni duka zuri, sina shida nalo, na hasira yangu nimeitunza vizuri kuliko mashine zangu za kopi.

Msibani nilikwenda nimevaa vizuri. Turubai limejaa, viti vya plastiki, akina mama wanachambua mchele, kwaya imemaliza. Kado alinishikia kiti pembeni yake, nywele zake sasa zina mvi. Mshereheshaji akasimama akasema kabla mwili haujatoka tusikilize kazi ya marehemu, ile iliyoiweka Dodoma kwenye ramani. Nikakaza meno. Wimbo ukaanza, na unajua nilisikia nini? Vuuu. Jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya turubai, na fundi spika, bwana mmoja mwenye kitambi, alikuwa amefungua besi mpaka mwisho. Kiki yangu haipo. Kibaigwa ya siku ya kwanza tupu. Jina peke yake ndilo lililosikika safi. Nilivumilia kidogo, kidogo tu. "Dada," Kado akanong'ona, "usifanye kitu." Lakini nilishasimama.

Nilimkuta fundi anachezea simu. "Shikamoo mama," akasema. "Marahaba. Nipishe." Nadhani alidhani mimi ni ndugu wa marehemu, akanipisha. Nikasimamisha wimbo, nikaurudisha mwanzo. Mikisa yake, ile mashine ya kuchanganyia sauti, ilikuwa ndogo, kila mlango wa sauti una vitufe vitatu: juu, kati, chini. Cha chini nikakirudisha nyuma mpaka mvumo ukaondoka. Cha juu nikakifungua ili kichwa kitoke. Nikabaki na cha kati. Sauti ya mtu inakaa kati. Nilikishika. Mwili ulikuwa ndani ya nyumba, hatua chache kutoka pale, na mjane alikuwa ameketi mlangoni. Nikakizungusha chote kushoto mpaka kikagoma, nikaachia wimbo.

Dum. Dum. Dum. Dum. Mapigo manne, tumbo na kichwa, na ule mchakacho mdogo wa uwele wa Mama Neema mwishoni. Jina la Zefa halikuwepo. Kulikuwa na kitu kama pumzi tu, mtu anayesema jambo nyuma ya godoro. Watu waliokuwa wameinamia simu wakanyanyua vichwa. Mzee mmoja akashika kifua. Kado alikuwa amesimama katikati ya viti, ananiangalia, machozi yanamtoka, na alikuwa anatikisa kichwa kufuata pigo. Kado alipoanza kuimba kwenye wimbo nikakirudisha kitufe, sauti yake ikajaa turubai lote, na ndipo na mimi nikashindwa. Nililia kwa kelele, kwa mabega, kamasi na kila kitu.

Mwanamke mmoja nisiyemjua akaja akanifunika khanga mgongoni. "Pole mama," akasema. "Lia tu, lia. Alikuwa mtu wako wa karibu?" Nikamwambia asante. Wimbo ulipoisha mshereheshaji akanyanyua mkono kutoka mbele, akaita, "Fundi, hebu turudie tena, tumsikie marehemu!" Yule bwana akanyoosha mkono kuchukua mikisa yake. Nikamwambia akae, nikaurudisha wimbo mwanzo, na vidole vyangu vikarudi kwenye kitufe cha kati.